Albamu ya kwanza ya roki: kuwarithi wakongwe bila kuwa nakala yao

Swali: "Sisi ni bendi ya watu wanne: gitaa, besi, dramu na mwimbaji. Tuna nyimbo tisa za albamu yetu ya kwanza. Tunaipenda roki ya 1968 hadi 1974, hasa Led Zeppelin na Black Sabbath. Tumerekodi nyimbo mbili za majaribio, na waliozisikia wanatuambia mambo mawili yanayopingana: kwanza tunaiga, pili hatufanani kabisa na rekodi za zamani. Gitaa ni zito lakini dogo, dramu kama zinapigwa ndani ya kopo. Tuanzie wapi kabla hatujaingia studio tena?"

Jibu

Malalamiko hayo hayapingani hata kidogo. Mmechukua vya juu, yaani rifu (vifungu vifupi vya gitaa vinavyorudiwa), mayowe na mkwaruzo wa gitaa, mkaacha vya chini: wakongwe wenyewe walijifunza kwa nani, walipigaje wakiwa chumba kimoja, na walirekodi kwa vifaa vichache kiasi gani. Ndiyo maana msikilizaji anawatambua mnaowaiga, lakini hasikii kile alichowapendea.

Chukueni albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, iliyotoka Januari 1969. Ina nyimbo tisa, kama yenu. Mbili ni za Willie Dixon, mtunzi wa bluzi wa Chicago. Moja ilitoka kwa waimbaji wa foki na ikaandikwa kuwa ni ya jadi, kumbe mtunzi wake, Anne Bredon, alikuwa hai. Jina lake lilikuja kuwekwa miaka mingi baadaye. Nyingine ilikuwa imerekodiwa na Jake Holmes 1967, naye akaja kushtaki 2010. Kipande cha gitaa kisicho na uimbaji kina deni kwa Bert Jansch, mpiga gitaa wa foki wa Uskoti. Mpiga besi wao, John Paul Jones, alipenda besi za Motown, lebo ya soul ya Marekani. John Bonham kwenye dramu alimhusudu Gene Krupa wa enzi za jazi ya bendi kubwa. Hesabuni walimu hao: bluzi, foki, soul, jazi. Roki nzito haimo, kwa sababu ndiyo waliyokuwa wakiitengeneza. Ninyi mmechota kwao tu, na chai ya majani yaliyokwisha kutumika haiwezi kukolea.

Black Sabbath ni mfano mzuri zaidi. Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani, na kwa kuwa anapiga kwa kushoto, huo ndio mkono wake wa kubana nyuzi. Kilichomrudisha kwenye gitaa ni rekodi ya Django Reinhardt, mpiga jazi aliyekuwa akipiga solo kwa vidole viwili baada ya kuungua moto. Iommi akajitengenezea vikofia vya vidole, akatumia nyuzi nyembamba, na kufikia albamu ya tatu, 1971, akazilegeza nusutoni tatu kwenye baadhi ya nyimbo. Ile rifu ya kutisha inayofungua albamu yao ya kwanza ina uhusiano na "Mars" ya Gustav Holst, muziki wa okestra ambao mpiga besi Geezer Butler alikuwa akiusikiliza. Bill Ward naye alipiga dramu kwa mbembeo wa jazi. Jazi, okestra na ajali ya kiwandani: hakuna anayefika pale kwa kusikiliza Black Sabbath peke yao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina studio ndani yake. Kila mmoja wenu achague wanamuziki watatu waliomtangulia shujaa wake kwa angalau miaka kumi, na mmoja kati yao asiwe wa roki wala wa bluzi. Wimbo mmoja wa kila mwanamuziki aushike kwa sikio, bila tabulecha (maandishi ya vidole vinapokaa) na bila video ya mafunzo: kwanza auimbe, kisha ndipo aguse chombo. Wimbo mmoja ukihitaji wiki nzima, sawa. Usipoweza kuiimba sehemu, vidole vyako vitaigiza umbo lake tu, na hapo mtakuwa mmerudi mlikoanzia.

Chanzo cha tatu, kile cha nje ya roki na bluzi, ndicho kitakachowapa uso wenu. Huko Zambia miaka ya 1970 bendi kama WITCH zilisikiliza roki ya Uingereza na Marekani kama ninyi. Mwimbaji wao, Emanuel Chanda, aliitwa Jagari kutokana na Mick Jagger. Lakini gitaa zile za fazi, yaani mkwaruzo mzito wa pedali, zilikalia midundo ya kwao, na leo wakusanyaji wa rekodi wanazitafuta kwa sababu hiyo hasa. Jina waliazima, mdundo hawakuazima.

Halafu zipimeni rifu zenu moja moja. Ipigeni rifu kwenye gitaa lisilochomekwa umeme, kwa nusu ya kasi, katika ufunguo mwingine, mbele ya mtu anayeijua roki ya zamani. Akitaja wimbo wa mtu mwingine ndani ya sekunde tano, rifu hiyo haijawa yenu. Kosa la kawaida hapa ni kubadilisha noti mbili za mwishoni na kuacha mengine. Haisaidii, kwa sababu sikio hukumbuka mdundo na umbo la mstari kabla ya noti zenyewe. Badilisheni mahali rifu inapoanzia: kama inaanza kwenye pigo la kwanza, isukumeni ianze nusu pigo kabla. Au ondoeni marudio ya tatu na mwache kimya hapo. Au mwachieni besi rifu, gitaa lijibu.

Upande wa haki miliki, sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila msingi ni huu: melodia na maneno vina mwenyewe, mfumo wa bluzi wa baa kumi na mbili, mwendo, na toni ya gitaa havina. Kesi mbili zinaonyesha mipaka yake. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliamua kwamba George Harrison alinakili melodia ya "He's So Fine" bila kukusudia, na kutokukusudia hakukumwokoa. Upande mwingine, Led Zeppelin walishtakiwa kuhusu utangulizi wa "Stairway to Heaven" na wakashinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama 2016. Rufaa ikathibitisha 2020. Mstari unaoshuka hatua kwa hatua kama ule umetumika kwa karne nyingi. Mkipiga kopi ya wimbo wa mtu, ombeni leseni ya utunzi na mwandike jina la mtunzi. Wala msiandike "wa jadi" kwa sababu tu hamjamwona mtunzi mtandaoni. Mmeona yaliyotokea kwa Bredon.

Sasa sauti. Rekodi zile hazikutokana na muda mrefu studioni. Led Zeppelin walizunguka nchi za Skandinavia Septemba 1968 wakipiga nyimbo zao jukwaani, ndipo wakaingia Olympic Studios, London. Kazi nzima ilichukua saa 36 hivi. Black Sabbath walirekodi albamu yao ya kwanza kwa siku moja, tarehe 16 Oktoba 1969, kwa sababu walikwisha kuzizoea nyimbo vilabuni. The Beatles walirekodi nyimbo kumi kati ya kumi na nne za albamu yao ya kwanza tarehe 11 Februari 1963, kwenye mashine ya traki mbili. Haraka yenyewe haina uchawi. Siri ni kwamba maamuzi yalikwisha kufanyika nje ya studio: nani ananyamaza wapi, wimbo unakwenda kasi gani, solo inaishia wapi. Msiingie studio na wimbo ambao hamjaupiga mzima, bila kusimama, mara ishirini. Kila mara tano rekodini kwa simu iliyowekwa katikati ya chumba, msikilize kesho yake. Sehemu inayowachosha ninyi wenyewe, kateni.

Rekodini mkiwa chumba kimoja, mnaonana macho. Metronomu itoe hesabu ya kuanzia tu, kisha izimwe. Wimbo ukianza kwa mapigo 92 kwa dakika na kufika 95 kwenye kiitikio, huo ni uhai. Ukifika 102, mpiga dramu ana hofu, rudieni. Hatari ya kuacha metronomu ni pale mtakapotaka kuunganisha vipande vya marudio tofauti, kwa hiyo pigeni wimbo mzima mara tatu au nne, mchague rudio moja kuwa msingi, na msahihishe makosa machache tu.

Jambo moja la mpiga dramu linapita vifaa vyote. Roki ya miaka ile ilipigwa na watu waliokulia kwenye swingi, kwa hiyo noti zao za nane mara nyingi hazigawanyi pigo nusu kwa nusu, wala hazifiki kwenye tripleti kamili (pigo lililogawanywa tatu sawasawa), zinakaa katikati. Fanya hivi: mapigo 90 kwa dakika, hai-hati (matoazi mawili ya mguuni) noti za nane zilizonyooka kwa dakika mbili, kisha tripleti, ukiacha pigo la kati, dakika mbili, kisha tafuta mahali katikati na ukae hapo dakika tano bila kuteleza upande wowote. Besi ifuate. Mkimpa mhandisi dramu hizo akazinyoosha kwenye gridi ya kompyuta, atakuwa amefuta kitu chenyewe mlichokuja kurekodi. Mwambieni mapema.

Kuhusu gitaa "zito lakini dogo": punguzeni distoshoni, yaani ule mkwaruzo, kwa nusu. Najua mpiga gitaa atakunja uso. Distoshoni hubana tofauti kati ya mchomo wa noti na mkia wake, na sikio hupima ukubwa wa sauti kwa tofauti hiyo. Ikizidi, gitaa linakuwa ukuta bapa unaojaza masafa ambayo sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) na mwimbaji wanayahitaji, na mhandisi hana njia ila kulirudisha nyuma kwenye miksi. Ndipo linapokuwa dogo. Mkwaruzo wa zamani ulitoka kwa kiasi kikubwa kwenye taa (vali) za mwisho za amplifaya na kwenye spika iliyosukumwa kwa nguvu, si kwenye kitufe cha geini. Na amplifaya haikuwa lazima iwe kubwa: sehemu kubwa ya gitaa la albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ni gitaa la Telecaster kupitia amplifaya ndogo ya Supro. Amplifaya ya taa ya wati 5 iliyofunguliwa karibu yote, yenye geini ya wastani, itawapa zaidi ya kabati refu lililofunguliwa robo.

Maikrofoni ya dainamiki iwekeni sentimita 3 hadi 5 kutoka kitambaa cha spika, ikielekea ukingo wa kile kifuniko cha katikati. Ikielekea katikati yenyewe, sauti inachoma. Ikisogea nje, inafunga. Sogezeni sentimita moja moja mkisikiliza. Sentimita moja hapo inafanya kazi kuliko ekwalaiza. Ya pili ikae mita moja na nusu hivi nyuma kupata hewa ya chumba. Mkitaka gitaa kushoto na kulia, pigeni sehemu hiyo mara mbili kweli, ya pili ikiwa na distoshoni pungufu zaidi, kwa sababu mkwaruzo hujumlishwa. Kunakili traki moja na kuisogeza kidogo hakuleti magitaa mawili. Huleta sauti yenye tundu. Au fuateni njia ya albamu ya kwanza ya Van Halen ya 1978: gitaa kushoto, mwangwi wake kulia, na nafasi inabaki.

Mwenye pedali ya fazi ya jemaniamu aiweke ya kwanza kabisa baada ya gitaa, kwani ikitanguliwa na pedali nyingine inaweza kukosa mguso wa pikapu na kuwa kali kupita kiasi. Transista hizo hubadilika na joto: pedali iliyolia vizuri asubuhi inaweza kukoroma na kukatika mchana chumba kikiwa moto. Si ubovu. Ipozeni, na mrekodi sehemu hizo chumba kikiwa baridi. Wanaolegeza nyuzi kufuata Iommi wajue kwamba nyuzi nyembamba zikilegezwa hupanda noti ukizibana kwa nguvu. Ama mkono uwe mwepesi kama wake, ama mnunue seti ya nyuzi inayoanzia inchi 0.011 na gitaa lisetiwe upya.

Dramu za kopo zina sababu tatu za kawaida: ngozi zilizozibwa kwa mito na gundi mpaka hazilii, maikrofoni nyingi za karibu mno, na dari la chini. Ondoeni vizibo kwanza. Tomu zikazwe hadi zitoe noti, si mpwito. Kiki ya Bonham, yaani dramu kubwa ya mguuni, ilikuwa ya inchi 26, na aliikaza kiasi cha kulia kama ngoma. Nanyi mkiwa na ya inchi 22, rudisheni ngozi ya mbele isiyo na tundu na mtoe blanketi lililomo ndani. Mkiogopa mlio kuwa mrefu, kitambaa chembamba kikiigusa tu ngozi ya nyuma kinatosha.

Kisha tumieni mpangilio unaojulikana kwa jina la Glyn Johns, mhandisi wa albamu hiyo ya kwanza ya Led Zeppelin. Maikrofoni ya kwanza iko juu ya sneya, karibu mita moja kutoka ngozi yake, ikitazama chini. Ya pili iko upande wa tomu ya sakafuni, sentimita kumi na tano hivi juu ya ukingo wake, ikitazama sneya na hai-hati kwa mlalo. Sharti ni moja: zote mbili ziwe na umbali sawa kutoka katikati ya sneya. Msikisie, shikeni uzi katikati ya sneya, mvute hadi maikrofoni ya kwanza, kisha mzungushe uzi ule ule hadi ya pili. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja, kwa hiyo kosa la sentimita 15 linatosha kuharibu sauti ya sneya. Ongezeni moja ya kiki na moja ya sneya, mzichanganye chini ya zile mbili. Kila mnapoongeza maikrofoni, geuzeni kitufe cha poleriti (kinachopindua wimbi la sauti) na mchague upande wenye besi nyingi. Matoazi yakizidi, dawa yake ni mpigaji kupunguza mkono. Hakuna kifaa kitakachomsaidia kwenye mpangilio huu.

Kwa hewa, fungueni mlango na muweke maikrofoni moja kwenye korido au juu ya ngazi. Dramu maarufu za "When the Levee Breaks" ya Led Zeppelin zilirekodiwa hivyo kwenye nyumba ya Headley Grange: mpigaji chini kwenye ukumbi, maikrofoni mbili juu ya ngazi. Sauti itafika imechelewa, milisekunde 15 hivi kwa mita tano. Msiivute kwenye kompyuta ilingane na sneya. Kuchelewa huko ndiko sikio linakokuita ukubwa wa chumba.

Besi ni fupi kueleza: nyuzi bapa au za zamani, kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, vidole badala ya piki, na distoshoni kidogo ili isikike kwenye spika ndogo.

Mwimbaji ndiye anayewafanya mwitwe nakala kuliko wote. Albamu ya kwanza ya Greta Van Fleet ilipotoka 2018, sehemu kubwa ya mjadala ilihusu ufanani wa sauti na Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin, nyimbo zikasahaulika. Shusheni ufunguo nusutoni mbili hadi nne kwenye nyimbo mbili au tatu, na mayowe yabaki mahali pamoja katika kila wimbo. Aimbe beti kwa matamshi anayoongelea. Bugaluu na nywele ndefu hazisikiki kwenye rekodi. Lafudhi ya kuazima inasikika.

Wakati wa kurekodi tumieni biti 24 na vilele vya sauti karibu na −10 dB. Hakuna faida ya kugusa sifuri. Jiwekeeni ukomo wa traki kumi na mbili kwa wimbo. Kila mnapotaka ya kumi na tatu, futeni moja. Kwenye mastaringi, hatua ya mwisho ya kuandaa sauti, mkatae kubanwa mpaka mwisho: majukwaa makubwa ya kusikilizia hushusha nyimbo hadi karibu −14 LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo uliobanwa utashushwa tu na kubaki bapa. Kwa muziki huu, −12 hadi −10 yenye sneya inayoruka inatosha.

Nyimbo tisa mnaweza kuzipunguza. Albamu ya kwanza ya Ramones, 1976, haifiki nusu saa na hakuna aliyedai chenji. Ikiwa mnakusudia kutoa sahani ya santuri, kila upande uwe wa dakika 18 hadi 20. Ukizidi 22, fundi hulazimika kupunguza sauti na besi ili mifereji itoshee. Na mifereji inapokaribia katikati ya sahani, sauti za juu hupungua na herufi "s" huanza kukwaruza, kwa hiyo wimbo wenye matoazi mengi ufungue upande, na ule wa polepole wenye gitaa kavu ndio uufunge.